Asali Usoni: Namna ya Kuitumia Ikakufaa

Kuanzia Januari hadi mvua za masika zinapokaribia, upepo wa Nakuru hukausha kila kitu. Nguo iliyoanikwa asubuhi huwa tayari kabla ya saa tano, vumbi huingia hadi kabatini, na miguu hugeuka rangi ya majivu dakika chache baada ya kuoga. Msimu huo ndipo watu wengi ninaowafahamu hukumbuka asali. Baadhi huitumia ikawatuliza ngozi. Wengine huichanganya na ndimu, mdalasini, sukari na chochote kilichomo jikoni, kisha wakaamka na uso unaowaka.

Mimi nilianza upande huo wa pili. Mwaka niliomaliza shule nilipaka asali na ndimu, nikakaa nayo nusu saa, nikanawa kidogo na kwenda sokoni jua la saa saba. Jioni mashavu yalikuwa yamevimba, na baada ya siku chache yakatoka mabaka meusi yaliyochukua karibu mwaka kufifia. Niliilaumu asali kwa muda mrefu. Kosa lilikuwa la ndimu: ukiiacha ngozini kisha ukatoka juani, inaweza kuunguza na kuacha alama. Asali yenyewe haina ukali huo. Nimeandika haya kwa ajili ya msichana anayetaka kufanya leo kile nilichofanya siku ile.

Ukisahau mengine yote, shika mpangilio huu: maji kwanza, asali juu ya maji, mafuta mwisho.

Kwa nini maji kwanza

Asali ni sukari nyingi sana ndani ya maji machache. Sukari ni karibu asilimia 80, maji ni kama asilimia 17 au 18. Kwa hiyo asali ina kiu, na hunyonya unyevu wowote iliokaribia. Ndiyo maana chupa iliyoachwa wazi msimu wa mvua huwa nyepesi juu. Ukiipaka kwenye uso mkavu, mchana mkavu wa Nakuru, haina unyevu wa kushika, na ikikauka inavuta ngozi kama gundi. Ukiipaka kwenye uso uliolowa, inayashika maji yale na kuyaweka karibu na ngozi.

Kiu hiyo hiyo huwanyima bakteria maji. Tena asali ina uchachu kiasi, pH yake (kipimo cha uchachu, ambapo namba ndogo ndiyo chachu zaidi) ikiwa kati ya 3.2 na 4.5, wakati sabuni nyingi za kipande hufika 9 au 10 na kuiacha ngozi ikikaza. Na kuna jambo la tatu, ambalo ndilo linalonifanya nisichemshe asali kamwe: nyuki hutia ndani yake kimeng'enya kiitwacho glukosi oksidesi. Asali ikichanganyika na maji kidogo, kimeng'enya hicho hutengeneza haidrojeni peroksidi, kemikali inayoua bakteria, polepole, kwa kiasi kidogo kisichochoma. Joto kali hukiharibu. Asali iliyotokota jikoni imebaki tamu, ila sehemu hiyo ya kazi yake imepungua sana.

Tusiipe asali sifa isiyokuwa yake, lakini. Haibadilishi rangi ya ngozi. Haifuti kovu la miaka. Kuhusu chunusi, watafiti wa New Zealand walichapisha mwaka 2016 jaribio la watu 136, ambapo asali ya hospitali, iliyoandaliwa kwa ajili ya tiba, kutoka maua ya kanuka, mti wa kwao, ilipakwa na watu waliokuwa pia wakinawa kwa sabuni ya kuua bakteria. Hawakupata nafuu iliyowazidi wale waliotumia sabuni peke yake. Kwa hiyo mtu mwenye chunusi kubwa, zenye mizizi na maumivu, namshauri aende kliniki ya ngozi mapema kabla hazijaacha mashimo. Asali ninaipendekeza kwa ngozi kavu, midomo iliyopasuka, uso uliochoshwa na jua na vumbi, na vipele vidogo vinavyokuja na kuondoka.

Kuchagua asali

Barabara ya kutoka Nakuru kwenda Marigat ina wauzaji wa asali kando yake, chupa zikiwa zimepangwa juu ya meza au mawe, nyingine zikiwa zile zilizowahi kubeba soda au pombe. Asali ya Baringo ina jina lake, na inalistahili. Nyuki wa kule hula maua ya migunga, na siku hizi pia mathenge, mti uliowatesa sana wafugaji lakini ambao nyuki hawaukatai. Upande wa Kakamega kuna asali ya msitu, mara nyingi nyeusi zaidi. Kisumu utaikuta soko la Kibuye, na wauzaji watakuelewa haraka ukiuliza *mor kich*, yaani asali kwa Kijaluo.

Kabla ya kulipa, watu hufanya majaribio. Wanachovya kijiti cha kiberiti kwenye asali na kukiwasha. Wanadondosha tone kwenye glasi ya maji waone kama litazama. Wanaangalia kama sisimizi wataigusa. Sikushauri kuamini lolote kati ya hayo. Sharubati nzito ya sukari huzama vilevile kama asali. Kijiti kinakuambia tu kama kuna maji mengi, na hata hilo hakilisemi vizuri. Sisimizi nao wana tabia zao. Asali iliyoongezwa sukari au sukari nguru huthibitishwa maabara.

Kinachosaidia zaidi ni kuongea na muuzaji. Mimi humwamkia kwanza, "Shikamoo mzee," kisha namuuliza ilirinwa lini, mzinga ni wa gogo au wa mbao, na kama aliipasha moto ili kuichuja. Anayefuga nyuki mwenyewe hujibu bila kusita, na mara nyingi huongeza mambo ambayo hukuyauliza. Siku moja mzee mmoja aliniambia, "Hii ya gogo ina moshi, mama. Kwa chai ni tamu. Kwa uso chukua hii nyingine." Alikuwa sahihi. Mzinga wa gogo hurinwa kwa moshi mwingi, na masega hutoka yamechanganyika, yenye asali na yenye makinda. Mzinga wa mihimili ya juu, uliobuniwa hapa Kenya miaka ya 1970, humruhusu mfugaji kuinua sega moja moja na kuyaacha yenye makinda mahali pake. Asali yake huwa safi zaidi, na hiyo ndiyo ninayoitaka usoni.

Usikatae asali kwa sababu imeganda. Glukosi iliyomo hujitenga na kuwa punje, na hali hiyo hutokea haraka zaidi kwenye baridi ya nyuzi 14 hivi, ambayo usiku wa Nakuru huifikia bila shida. Chupa ile ile ingekaa Kisumu ikiwa majimaji kwa muda mrefu zaidi. Kataa yenye povu juu na harufu ya uchachu kama busaa. Hiyo ina maji mengi, imeanza kuchachuka, na haifai kwenye ngozi.

Kuiandaa

Asali ya barabarani huwa na vipande vya nta, mabawa na vumbi la mkaa. Kwa chai hayo si neno, lakini usoni nta hubandika na vipande vikali hukwaruza. Chukua kikombe kimoja tu cha asali, usichuje chupa nzima. Ikiwa imeganda, weka chombo chake ndani ya bakuli la maji ya vuguvugu, yale ambayo mkono wako unaweza kukaa ndani bila kutaka kutoka, na uyabadilishe yakipoa. Usizidishe nyuzi 40. Usiweke sufuria jikoni, na usitumie maikrowevu. Kisha ichuje kwa kitambaa safi cha pamba kilichofuliwa na kukauka kabisa, ndani ya chupa ndogo ya kioo iliyo kavu. Huchukua muda. Iache idondoke usiku kucha, ukiwa umeifunika.

Jaribu mkononi kabla ya uso

Hatua hii ndiyo inayorukwa na wengi. Asali hubeba chavua na mabaki ya nyuki, na kuna watu ambao miili yao haivumilii vitu hivyo. Paka kiasi cha sarafu ya shilingi kumi ndani ya kiwiko, kaa nusu saa, osha, kisha subiri hadi kesho saa kama hiyo. Pakiwasha, pakitoka vipele au pakiwa pekundu, asali hiyo si yako. Mtu ambaye huvimba mwili mzima akiumwa na nyuki asijaribu bila kuzungumza na daktari. Na midomo au macho yakivimba, au pumzi ikibana, nenda hospitali mara moja.

Siku ya kupaka

Chagua jioni, ukiwa hutoki tena. Hakikisha maji yapo. Kwenye mitaa yetu ambako mfereji huja kwa zamu, nimewahi kubaki na asali usoni nikisubiri jirani anipe jagi, kwa hiyo sasa naanza kwa kuangalia ndoo. Nusu ndoo inatosha.

Funga nywele kwa leso, ukivuta hadi nyuma ya paji la uso. Osha mikono. Nawa uso kwa maji ya vuguvugu, na kama ulikuwa umejipaka vipodozi vitoe vyote kwa sabuni laini. Usijisugue kwa taulo. Acha uso uwe umelowa, maji yasiwe yanatiririka lakini ngozi ing'ae.

Weka kijiko kimoja cha chai cha asali kiganjani, ongeza matone matatu au manne ya maji, uchanganye kwa kidole mpaka iteleze. Asali tupu ni nzito, na ukijaribu kuisambaza unavuta ngozi bila sababu. Paka kuanzia mashavuni kwenda nje, kisha kidevu, paji la uso na pua. Acha nafasi kuzunguka macho, na usipande kwenye nyusi wala mstari wa nywele. Tabaka liwe jembamba. Asali nyingi haifanyi kazi zaidi, inateremka shingoni tu.

Mara ya kwanza kaa dakika 10. Ukizoea, 15 hadi 20. Zaidi ya hapo sioni faida, labda kama unapenda kupumzika. Ukisikia inaanza kukaza, gusa kwa vidole vilivyolowa maji. Ikichoma, ioshe hapo hapo. Kuna wanaoambiwa kwamba kuwasha ni dalili ya dawa kufanya kazi, na maneno hayo yameumiza ngozi nyingi.

Kuitoa, chovya taulo ndogo kwenye maji ya vuguvugu, ikamue kidogo, uiweke usoni kama dakika moja bila kusugua. Asali huyeyuka yenyewe. Kisha nawa kwa maji mengi, ukikumbuka chini ya taya, kando ya masikio na pembeni mwa pua, maana hapo ndipo inapobaki na kukusanya vumbi.

Sasa usiende kutafuta taulo la kujikausha kabisa. Gusagusa uso, na ukiwa bado una unyevu, ndani ya dakika mbili tatu, paka mafuta. Ngozi kavu inafurahia mafuta ya mgando, kidogo sana, yaliyopashwa kati ya viganja. Ukiruka sehemu hii, maji yote uliyoyaingiza yatachukuliwa na upepo kabla hujalala, na kesho utasema asali haina kazi.

Mara mbili kwa wiki inatosha. Ipe wiki nne kabla ya kuhukumu. Ulaini utauona siku hiyo hiyo, ila vipele na mabaka ya ukavu huchukua muda.

Kisumu si Nakuru

Dada yangu ameolewa Kisumu, na nilipompelekea chupa pamoja na maelezo haya alinipigia simu kulalamika kwamba uso unamtiririka mafuta. Alikuwa na haki. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, kavu na yenye baridi usiku. Kisumu iko kama mita 1,130, kando ya ziwa, na hewa yake ina unyevu tayari. Tulibadilisha: mara moja kwa wiki, dakika 10, na badala ya mafuta ya mgando losheni nyepesi isiyo na manukato. Mafuta ya nazi aliyaacha kabisa usoni, kwa kuwa yalikuwa yakimletea vipele. Kipele kimoja kikimtokea, huweka tone la asali hapo tu kwa robo saa na kuosha. Kama unaishi Kakamega, Busia au Siaya na ngozi yako hutoa mafuta, fuata njia yake, si yangu.

Vya kuchanganya na vya kuacha

Unaweza kuongeza kijiko cha oti zilizosagwa laini kama unga, ambazo hutuliza mwasho. Mala isiyo na sukari ni sawa, au avokado iliyoiva na kupondwa kwa ngozi kavu sana. Zaidi ya hapo asali peke yake inanitosha.

Ndimu na limau, hapana. Mdalasini huchoma. Bekingi soda inaharibu uchachu wa kawaida wa ngozi. Dawa ya meno haikutengenezewa chunusi. Chembe za sukari zina ncha, na ukizisugua usoni zinakwaruza hata kama huoni damu. Na ukiona mkebe wa krimu wenye picha ya nyuki unaoahidi kukung'arisha ndani ya siku saba, uurudishe mezani. Krimu za namna hiyo zimewahi kukutwa na zebaki au haidrokwinoni, vitu vilivyopigwa marufuku nchini katika vipodozi kwa sababu ya madhara yake.

Midomo, visigino na mba

Midomo ndiyo mahali asali inapofanya kazi haraka kuliko kote. Ilowanishe, paka tone moja, subiri dakika 10, pangusa, weka mafuta ya mgando, ulale. Usiichune ile ngozi iliyosimama, itatoka yenyewe.

Visigino vilivyopasuka viloweke kwenye beseni robo saa, kisha paka asali na mafuta ya mgando sawa kwa sawa, uvae soksi za pamba hadi asubuhi. Mwenye kisukari asijitibu miguu nyumbani. Ufa mdogo kwake unaweza kuwa kidonda kikubwa, na unastahili kuonwa kliniki.

Kuhusu mba sugu wenye magamba na mwasho, kuna utafiti mdogo wa mwaka 2001 wa wagonjwa 30. Walipaka asali sehemu tisa kwa sehemu moja ya maji ya vuguvugu, wakasugua taratibu dakika mbili tatu, wakaiacha kwa muda wa saa tatu, wakaosha, kila baada ya siku moja kwa wiki nne. Mwasho na magamba viliisha ndani ya wiki ya kwanza. Baadaye, walioendelea mara moja kwa wiki hawakurudiwa, lakini wengi wa walioacha walirudiwa. Ni kazi, sikatai. Ifanye kati ya msuko mmoja na mwingine, nywele zikiwa wazi, maana kuosha asali ndani ya rasta ni mateso.

Vidonda na watoto

Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kwamba asali huponya majeraha ya moto yasiyo ya kina haraka kuliko baadhi ya bandeji za kawaida. Lakini asali ya hospitali husafishwa kwa mionzi ili kuua mbegu za bakteria. Yako ya Marigat haijapita huko. Ukiungua, weka sehemu hiyo chini ya maji baridi yanayotiririka dakika 20, kisha nenda kituo cha afya. Usipake asali, wala unga, wala dawa ya meno.

Na kama una mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja, soma hapa mara mbili. Asali inaweza kubeba mbegu za bakteria wa botulizimu. Tumbo la mtu mzima huzishinda, la mtoto mchanga haliwezi, na sumu yake hulegeza misuli hadi ya kupumua. Asilambishwe asali, asipakwe midomoni, na mama anayenyonyesha asiitumie kwenye chuchu zilizopasuka. Ukimaliza kupaka uso wako, nawa vizuri kabla ya kumbusu.

Kuihifadhi

Chupa ya uso iwe tofauti na ya chai. Kijiko kinachoingia kiwe kikavu kila mara, kwani matone machache ya maji yakirudi ndani yanatosha kuanzisha uchachu. Ifunge kwa nguvu, uiweke kabatini mbali na jua na jiko, na kama sisimizi wanakusumbua simamisha chupa ndani ya kisahani chenye maji. Andika tarehe uliyochuja kwenye kipande cha karatasi na ukibandike ubavuni. Mimi huchuja kikombe kimoja kila miezi mitatu. Kinachobaki tarehe hiyo ikifika nakimimina kwenye chai ya jioni, halafu naosha chupa, naianika juani siku nzima, na kuanza tena.